Likizo ya Familia Kisiwani Mafia: Anza na Mwezi na Maji

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, tafuta kalenda ya Kiislamu. Kisiwani Mafia, bahari ndiyo inayopanga ratiba ya siku, na bahari hufuata mwezi. Familia ikiingia Utende, kijiji cha ufukweni kwenye malazi ya wageni, asubuhi ya mwezi mpevu, watoto wakakimbilia ufukweni saa nne, wataikuta Ghuba ya Chole imekupwa, mashua zimelala ubavu, na tope limeenea hadi mbali. Hakuna kilichoharibika, maji yatarudi alasiri. Ila kama safari ya boti ilipangwa saa hiyo, siku imeshapotea.

Hesabu yenyewe inakaa kichwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvu: maji hujaa sana na kukupwa sana. Katika mwambao wetu siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: kujaa ni saa nne, kukupwa ni saa kumi, na tofauti kati ya kujaa na kukupwa ni ndogo. Hayo ndiyo maji mafu. Ukitumia jedwali la maji la kwenye simu, kumbuka linaandika saa za kizungu. 16:10 ni saa kumi na dakika kumi alasiri. Kosa hilo hukosesha watu boti.

Kwa familia yenye watoto wadogo na usiku tano za kukaa, tunashauri kufika tarehe 12 au 13 ya mwezi wa Kiislamu. Maji yatakuwa yanajaa kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, jua limeshaanza kulegea, na watoto wanaoga hapo hapo mbele ya malazi bila kufuata maji mbali. Asubuhi, maji yakikupwa, mafungu ya mchanga yanatoka. Usiku kuna mbalamwezi, na umeme ukikatika mtoto haogopi. Kama lengo ni kuvaa miwani ya kuogelea na kuangalia matumbawe na watoto wakubwa, chagua maji mafu: mkondo ni mdogo na maji huwa safi zaidi.

Juni au Desemba

Shule zikifungwa Juni, kusi linavuma. Hewa ni ya ubaridi kidogo, mbu wamepungua, lakini kivuko huyumba. Faida kubwa ya majira hayo ni kasa: vifaranga wa kasa huanguliwa hasa Juni hadi Septemba, na pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Juani ni moja ya sehemu za kuwaona. Inabidi kuvuka ghuba kwa mashua kisha kukikata kisiwa kwa miguu, hivyo mtoto wa chini ya miaka 5 atataka kubebwa. Usipange siku ya kasa ukiwa bado nyumbani. Walinzi wa viota huhesabu siku tangu mayai yalipotagwa, kwa kawaida 50 hadi 60, na wao ndio watakaosema ni lini.

Desemba ni joto, kaskazi limeanza, na mvua za vuli zinaweza kushuka kwa saa moja kisha jua likarudi. Huo ni wakati wa papa potwe, ambao huonekana upande wa mji wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Kama kazi na shule vinaruhusu, Oktoba ndiyo bora kuliko yote: bahari shwari, mvua bado, potwe wamefika. Aprili na Mei acha. Ni masika, na malazi mengi hufungwa.

Kuvuka

Njia mbili. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa; mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu, kwenye begi laini, maana sanduku gumu halikunjiki ndani ya tumbo la ndege hiyo. Njia ya pili ni barabara ya kusini kupitia Mkuranga hadi bandari ya Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni. Ratiba ya kivuko hubadilika, kwa hiyo uliza siku moja kabla na ulizia tena jioni. Kwa watoto, usikubali boti ndogo za mbao eti kwa sababu zinaondoka mapema.

Dawa ya kichefuchefu cha safari, kwa kipimo alichokupa mfamasia kwa umri wa mtoto, inywewe kabla ya kupanda. Ukingoja mpaka ameanza kutapika, dawa nayo ataitapika. Mlishe kitu kikavu na kidogo, mkate au biskuti, si chai ya maziwa. Kaeni katikati ya chombo, mahali penye upepo, na mtoto aangalie upeo wa bahari badala ya simu. Mfuko wa plastiki mgumu wenye kufungwa uwe mkononi.

Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15 za lami, kwa bajaji au teksi. Toeni fedha Kilindoni kabla ya kuendelea. Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza Tanzania, na kuna kiingilio. Raia hulipa kiwango chake, hivyo beba kitambulisho cha taifa, na kwa watoto nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Siku zenyewe

Safari moja kwa siku mbili inatosha. Familia nyingi hushindwa hapa: zimelipa nauli, zinataka kuona kila kitu, na siku ya tatu watoto wanalia kwa uchovu na kuungua jua. Kwa usiku tano, toka mara mbili, tatu kwa wingi. Siku nyingine zibaki wazi, za kuoga, kulala mchana na kucheza bao kivulini.

Safari rahisi kuliko zote ni Chole. Mashua huvuka kwa dakika chache tu. Kuna magofu, mibuyu, mafundi wanaounda majahazi kwa mkono, na popo wakubwa wala matunda wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Nenda maji yakiwa yamejaa ili mtoto ashukie karibu na nchi kavu, la sivyo utambeba kwenye tope. Mkipita kijijini, kanga juu ya nguo za kuogea, na salamu kwanza kabla ya picha.

Fungu la mchanga, kama Marimbani, ndilo linalopendwa na watoto na ndilo lenye hatari usipojua maji yanavyokwenda. Maji hayapandi kwa kasi moja. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza baada ya kugeuka hupanda kama sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, kisha 60 na 30. Saa ya kwanza inakudanganya kwamba kuna muda. Fika saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa, na pakia vitu ndani ya saa moja na nusu baada ya kugeuka. Hakuna kivuli huko: beba turubai na nguzo mbili, na maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu mzima.

Kabla ya kupanda boti yoyote, mvalishe mtoto jaketi okozi, mfunge, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likipita kidevu, ni kubwa kwake. Ndani ya maji litamvuka kichwa. Muulize nahodha kama ana mafuta ya akiba. Karibu na mlango wa Kinasi, ambako ghuba nzima hujaa na kutoka, mtoto asiogelee wakati maji yanatoka, hata kama anajua kuogelea vizuri.

Kwa potwe, ondokeni Kilindoni asubuhi kabla upepo haujachafua uso wa bahari. Samaki huyu hula viumbe vidogo sana vya majini na hana neno na mtu, lakini mkia wake una nguvu. Kaa mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, usimguse, usimkate njia. Mtoto asiyeogelea abaki botini. Potwe akija juu huonekana vizuri kutoka hapo.

Jua, miiba na dawa

Mafia iko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kati ya saa nne na saa tisa mtoto awe kivulini, au avae shati la mikono mirefu hata ndani ya maji, kwa sababu mafuta ya kuzuia jua hutoka akioga. Yeboyebo miguuni kila mara maji yakiwa yamekupwa. Wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu hukaa kwenye mawe na nyasi za bahari, na miiba yao hukatika ndani ya ngozi. Toa inayoonekana kwa kibanio, usichimbe, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, uyapime kwa mkono wako kwanza. Mguu ukivimba siku ya pili, nenda hospitali ya wilaya, Kilindoni.

Malaria ipo. Chandarua kikaguliwe matundu siku ya kwanza, mchana, si usiku. Begi la dawa liwe na kipimajoto, dawa ya homa ya watoto, pakiti 6 za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), plasta, dawa ya kuua vijidudu na kibanio. Dawa za kudumu za mtu yeyote ziwe za siku 4 zaidi ya safari, kwa sababu bahari ikichafuka kivuko hakiondoki.

Kwa sababu hiyo hiyo, acha siku mbili kati ya kurudi na siku ya kazi au shule. Siku ya mwisho msiende baharini. Osheni nguo kwa maji baridi, zikauke, lipeni deni la boti, na jioni mpige simu bandarini kuuliza saa ya kuondoka.