Ukipigwa nyumbani jiji likiwa limefungwa: njia ya kisheria Nairobi

Nairobi ilipofungwa tarehe 6 Aprili 2020, kafyu tayari ikianza saa moja jioni, wengi waliokuwa wakipigwa nyumbani waliamini hakuna pa kukimbilia hadi corona iishe. Lakini sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani haikusimamishwa. Inamlinda mke, mume, mchumba, mtoto, mzazi, hata mliyeachana. Cheti cha ndoa si sharti.

Anza na simu. 1195, nambari ya kuripoti dhuluma za kijinsia, haitozwi na hupokewa usiku na mchana. Ya watoto ni 116. Kama simu yako hukaguliwa, omba ya jirani, au futa nambari ukishapiga. Akiwa anakushambulia sasa hivi, pigia polisi 999 au 112. Kukiwa na kafyu na ulazimike kutoka usiku, waeleze unaelekea kituo gani na uulize jina la afisa aliyekupokea, ili ukisimamishwa njiani uwe na la kusema.

Kituoni omba dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani kitabu cha kituo kinachoandikwa kila ripoti. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Afisa anasikiliza, anampigia mume simu kumwonya, kisha mnaambiwa mkayamalize nyumbani. Bila OB hakuna rekodi, na mkirudi mlango unafungwa mkiwa wawili. Sheria inamtaka afisa akueleze hatua unazoweza kuchukua na akusaidie kupata matibabu na makao salama. Unaweza pia kuomba afisa wa jinsia yako.

Chukua hapo hapo fomu ya P3, ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, uende ukaonwe na daktari kabla michubuko haijafifia. Kama umebakwa, tangulia hospitali, polisi watafuata. Dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Usioge wala kufua. Nguo ziweke kwenye bahasha ya kaki au gazeti. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, na unyevu huozesha ushahidi.

Kisha mahakama. Unachoomba ni amri ya muda ya ulinzi, na hakimu anaweza kuitoa kabla mshtakiwa hajaitwa. Amri inaweza kumtoa yeye nyumbani hata kama nyumba ni yake, jambo ambalo wengi hawalijui, wakabeba watoto na kuondoka. Mwaka 2020 mahakama zilipunguza shughuli, lakini mambo ya dharura yaliendelea kusikizwa, mengi kwa video. Kwa hiyo ombi liandamane na hati ya dharura, inayoeleza kwa nini lisikizwe upesi. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, husaidia bila malipo kuandaa karatasi hizi.

Hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, ndiyo inayobeba ombi. "Hunipiga kila mara" haitoshi. Taja tarehe, alitumia nini, nani alisikia, nambari ya OB. Ujumbe wa vitisho usiufute kabla hujaupiga picha na kumtumia unayemwamini.

Amri ikitoka, peleka nakala kituo kilicho karibu na kwako, nyingine uiache kwa jirani. Akiivunja, anaweza kutozwa hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 12, au vyote viwili. Kama uliacha kitambulisho, vyeti vya watoto au dawa mle ndani, usirudi peke yako: mwombe hakimu aandike kwenye amri kwamba polisi wakusindikize kuvichukua.