Mtoto amefikisha miaka 18: kumsaidia kujenga jina la mkopo Marekani

Mwezi wa pili baada ya binti yangu kupata kadi yake ya kwanza ya mkopo, alinijia jikoni na simu mkononi, uso umemng'aa. "Mama, wanataka dola 25 tu!" Nilipoitazama ile taarifa ya mwezi, juu ya hiyo 25 palikuwa na namba nyingine: dola 187.40. Hilo ndilo lilikuwa deni lake. Ile 25 ilikuwa malipo ya chini kabisa, kiasi cha kumwepusha na faini ya kuchelewa. Kinachobaki baada ya hapo huanza kuzaa riba, na kwa kadi nyingi za huku riba hupita asilimia 20 kwa mwaka.

Tuliketi mezani, nikamwonyesha mahali patatu pa kutazama kila mwezi: salio lote la taarifa, malipo ya chini, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Akalipa 187.40 papo hapo. Ilituchukua dakika kumi, na ningeyarudia mazungumzo hayo na kila mtoto anayeanza.

Wengi wetu tumelelewa kwa msemo wa kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa deni la kukutia aibu mtaani msemo huo ni wa kweli. Shida ni kwamba Marekani kijana asiyewahi kukopa chochote hana faili la mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi anavyokopa na kulipa. Anamaliza chuo, anapata kazi nzuri, anakwenda kukodi nyumba, mwenye nyumba anatafuta historia yake na hakuna kitu. Hapo ndipo mzazi anapoombwa kudhamini, hata kama alikuwa amejipanga kwa mambo mengine.

Kutokana na faili hilo, kijana hupewa alama ya kuonyesha anavyoaminika kulipa. Inayotumiwa zaidi na wakopeshaji ni FICO, kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 yake hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 na kiasi unachodaiwa. Yaani karibu theluthi mbili ya alama iko kwenye tabia mbili tu ambazo kijana yeyote anaziweza. Asilimia 15 ni urefu wa historia, ndiyo sababu inafaa kuanza mapema na kwa udogo. Zilizobaki zisimnyime usingizi. Ajue tu kwamba alama ya FICO haitokei mpaka awe na akaunti iliyofikisha miezi sita, kwa hiyo asianze kuhangaika wiki ya tatu.

Njia nyepesi ya kuanza ni kumwongeza kwenye kadi yako kama mtumiaji aliyeidhinishwa. Historia ya kadi hiyo huandikwa kwenye faili lake pia, ingawa mwenye deni mbele ya benki unabaki wewe. Piga simu kwanza uulize kama benki yako hupeleka taarifa za watumiaji wa aina hiyo, na kuanzia umri gani, kwa sababu hazifanani. Si lazima umkabidhi kadi yenyewe. Jina likishaingia, kazi imeanza. Ila jiangalie kwa ukweli: kama kadi yako huwa imejaa mpaka juu, au kuna miezi unachelewa, usimwingize humo. Utamrithisha matatizo yako kabla hajanunua hata soksi.

Kadi ya jina lake mwenyewe ina masharti. Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inamtaka aliye chini ya miaka 21 aonyeshe kipato chake mwenyewe cha kuweza kulipa, au awe na mdhamini. Kijana mwenye kazi ya muda ana pa kuanzia. Akikataliwa kwa kukosa historia, aombe kadi ya amana: anaweka, tuseme, dola 200, na hizo ndizo zinakuwa ukomo wake. Akiitunza vizuri, amana hurudi anapoifunga bila deni au anapopandishwa kwenye kadi ya kawaida. Vyama vya akiba na mikopo vya huku, ambavyo ukoo wake na SACCO za nyumbani ni wa karibu, mara nyingi vina kadi za namna hii, na pia mikopo midogo ya kujenga historia: fedha wanakushikia wao, wewe unalipa kila mwezi, ukimaliza wanakukabidhi.

Kuna jambo linalowachanganya vijana hata wale waangalifu. Kadi ina siku mbili. Siku ya kufunga hesabu ndiyo benki hupiga picha ya deni, na kwa kawaida picha hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Siku ya mwisho ya kulipa huja angalau siku 21 baadaye. Sasa chukua kijana mwenye ukomo wa dola 200 aliyenunua vitabu vya 160. Atalipa zote kwa wakati, hatatozwa riba, lakini picha imeshaonyesha ametumia asilimia 80 ya ukomo wake, na alama itashuka. Dawa ni kulipa sehemu kubwa kabla hesabu haijafungwa, ili deni linaloonekana libaki chini ya asilimia 30, na likishuka chini ya 10 ni bora zaidi. Uvumi kwamba ni lazima uache deni kidogo lizae riba ndipo alama ipande si kweli. Nimeusikia mpaka kwa watu wazima, na umewagharimu.

Kwa binti yangu tuliipa kadi kazi moja tu: bili ya simu. Tukaweka akaunti ijilipe yenyewe salio lote kila mwezi, na yeye akajiwekea ukumbusho wa kuhakikisha benki ina fedha siku hiyo. Akichelewa siku chache hutozwa faini. Akipitisha siku 30, ucheleweshaji unaweza kuandikwa kwenye faili na kukaa humo miaka saba.

Mwambie pia asitume fedha nyumbani kwa kadi ya mkopo. Najua bibi akiumwa kila mtu anatafuta njia ya haraka. Lakini kampuni nyingi za kadi huhesabu kutuma fedha kama kutoa fedha taslimu: kuna ada, na riba huanza siku ile ile bila muhula wa kusubiri. Atumie akaunti ya benki.

Sasa niseme jambo ambalo huwa hatulisemi wazi. Kijana mwenye jina safi huonekana haraka kwenye jamii yetu. Binamu anataka gari, mjomba anataka laini ya simu, na ombi linakuja kwa heshima zote, "mwanangu, nidhamini tu." Mdhamini anadaiwa deni zima, si nusu, na malipo yakichelewa jina lake ndilo linaloumia pia. Mfundishe jibu mapema, na umpe ruhusa ya kukutupia wewe lawama: "Mama amekataa." Mimi nimekubali kubeba hilo.

Na sisi wazazi tusiwe wa kwanza kuvunja. Kuandikisha umeme au simu kwa namba ya Social Security ya mtoto, ile namba ya serikali inayomtambulisha, kwa sababu yetu imeharibika ni wizi wa utambulisho mbele ya sheria, hata kama nia ilikuwa kuwasha taa nyumbani. Mtoto huja kugundua akiwa na miaka 19, anapoomba mkopo wa kwanza. Kama una mdogo aliye chini ya miaka 16, unaweza kuomba mashirika matatu ya taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, wafunge faili lake ili iwe vigumu mtu kukopa kwa jina lake. Tangu 2018 huduma hiyo ni bure kwa mujibu wa sheria ya taifa. Ukikuta jina la mtoto limeshatumiwa, ripoti kwenye IdentityTheft.gov.

Mwisho, mketishe asome ripoti yake mwenyewe kwenye AnnualCreditReport.com, bila malipo. Kujitazama hakupunguzi alama. Aangalie tahajia ya jina, maana majina yetu huandikwa kila namna, anwani ambazo hajawahi kuishi, na akaunti asizozijua. Akiona kosa, alipinge kwa maandishi kwa shirika husika. Kwa kawaida hupewa siku 30 kulichunguza. Binti yangu alikuta jina la katikati lenye herufi mbili zilizogeuzwa. Aliandika barua mwenyewe, mimi nikamnunulia stempu.