Somo: Namna ya kuanza biashara ya vitu vya kale bila kutapeliwa

Wakuu, salaam. Nimeombwa mara nyingi nielezee hii kazi ya kununua na kuuza vitu vya zamani: makasha ya njumu (masanduku ya mbao yenye mapambo ya misumari ya shaba), vyombo vya shaba, sarafu, saa za ukutani, cherehani. Faida ya kazi hii inapatikana siku ya kununua. Ukinunua vibaya, hata aje mteja mkarimu vipi, umeshaumia.

Hatua ya 1: Shika kitu kimoja kwanza. Mimi nilianza na sarafu, maana zinakaa mfukoni na mchwa hazili. Chukua rupia ya Mjerumani, fedha ya enzi za ukoloni wake hapa kwetu. Tangu 1890 rupia moja ilikuwa pesa 64 ("pesa" hapa ni jina la sarafu ndogo), hadi 1904 walipoleta heller, 100 kwa rupia moja (ndiyo hii "hela" tunayoitafuta kila siku). Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba heller yake ni ya 1895, ama anadanganya ama naye kadanganywa. Kuna zile heller 20 zilizopigwa Tabora 1916 Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, sura yake mbaya mbaya. Ubaya huo usikutishe, ndivyo zilivyotoka. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, usiinunue bila sonara na mtu anayezijua, kwa sababu za bandia zimejaa.

Hatua ya 2: Kagua chini kabla ya juu. Muuzaji hung'arisha mbele ya kasha. Wewe lipindue. Miguu ya kasha la miaka mia imelika, tena hailiki sawasawa. Njumu zilizopigwa kwa mkono hazilingani sawasawa. Tazama skrubu: zenye kichwa cha nyota (alama ya kujumlisha) zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye kasha "la enzi za Sayyid Barghash", yule sultani wa Zanzibar wa karne ya 19, ama limekarabatiwa ama limetengenezwa juzi. Kisha fungua unuse. Ukisikia harufu ya rangi ya viatu, mbao mpya imezeeshwa, aga uondoke.

Hatua ya 3: Nunua kwa mwenye mali. Hapa ndipo nilipolia. Kijana mmoja wa Tanga aliniuzia kasha la marehemu babu yake. Nikalipakia kwenye basi mpaka Dar, mteja nikampata. Kabla hajalipa, simu ikaita: shangazi mtu. Mirathi haijagawanywa, na kijana hakutumwa na yeyote. Kasha nikalirudisha kwa nauli yangu, na pesa niliyompa kijana ilikuwa imeshaliwa. Siku hizi sinunui cha urithi bila wanandugu wawili kukaa pamoja, hati ya mauziano, nakala ya kitambulisho na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Wakinuna, wabaki na kasha lao.

Hatua ya 4: Usisugue. Ndimu na majivu ni vya sufuria. Sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji anaiona toka mlangoni. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Hatua ya 5: Ijue sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Kuviuza au kuvitoa nje kunahitaji kibali. Zanzibar wana sheria yao, ulizeni huko huko. Pembe za ndovu msiguse, hata kama ni nakshi ndogo kwenye kiti cha bibi. Na jambia lenye mpini wa pembe ya faru pia.

Hatua ya 6: Kuuza. Piga picha mchana, onyesha na ufa ulipo, taja bei. Hayo mengine mtajifunza kwa wateja wenyewe.

MASWALI

*Mkuu, mtaji kiasi gani?*
Kwa sarafu na vyombo vidogo, laki mbili inakutosha kujifunzia. Makasha yasubiri mwaka wa pili.

*Bibi ametuachia reale ya fedha, imeandikwa 1780, ina sura ya mwanamke. Kuna mtu anasema ni mamilioni.*
Pole, ndugu. Huyo ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka huo wa 1780. Sarafu yake iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile hata baada ya hapo, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu waliiamini sana. Yako inaweza kuwa ya juzi. Ina gramu 28, na fedha halisi ni kama 23. Anza na bei ya fedha, kisha mwonyeshe mjuzi. Lakini kama ni ya bibi, mimi ningeiweka.

*Vipi cherehani za Singer zenye zebaki nyekundu? Kuna tajiri anazitafuta.*
Hakuna tajiri, na hiyo zebaki nyekundu inayodaiwa kuwa ya thamani kubwa ni hadithi tu. Uvumi huo uliwakumba watu wa Saudia mwaka 2009, wakanunua cherehani mbovu kwa bei za ajabu. Ukiambiwa utoe kwanza "hela ya kipimo", funga simu. Singer nzima ina soko lake halali: soma namba iliyogongwa kwenye chuma, inakuambia mwaka ilipotengenezwa. Kisha zungusha gurudumu. Likizunguka laini, fundi nguo yeyote atainunua.

*Dada hapa. Naingia peke yangu nyumba za watu kutafuta mali, ni salama?*
Usiingie peke yako, dada yangu. Hata mimi naenda na mtu, na pesa hubaki kwa huyo mtu nje mpaka tukubaliane.