Pumzi inapokatika usingizini: jinsi ya kuishi na slipu apnia ukiwa dreva

Niko kwa foleni hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, magari hayasogei, acha niandike hii kitu maana kila dreva akichungulia kabini yangu akaona maski na paipu anauliza kama nimeanza kuzamia ziwani. Ni mashine ya slipu apnia. Yaani ule ugonjwa wa pumzi kukatika ukiwa umelala: misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, unakaa sekunde 10, 20, saa ingine zaidi bila kuvuta hewa, halafu ubongo unashtuka unakuamsha kidogo tu, unavuta kwa nguvu kama mtu katolewa majini, unarudi kulala. Asubuhi hukumbuki kitu. Unajua tu umelala masaa 8 na umeamka kama umepakua simenti usiku kucha.

Mi nilikuwa najiona mzima. Nakoroma ndio, lakini nani anaenda hospitali kwa sababu ya kukoroma? Mama mkwe kule Bombo alisema nakaliwa na jinamizi. Kilichonifungua macho ni msitu wa Mabira, barabara ya Kampala kwenda Jinja, saa tisa mchana, jua kali, sijanywa kitu, sijakesha, na tanboi wangu akapiga kelele "Mzee!" nikakuta tairi za kushoto zimeshashuka kwa nyasi. Tulienda pole pole mpaka Namawojjolo, wauzaji wakatuzunguka na vijiti vya muchomo (nyama choma) na gonja (ndizi za kuchoma) kama kawaida yao, mi mikono inatetemeka hata kushika noti siwezi.

Sasa kama unajishuku anza na simu, haina gharama. Weka simu karibu na kitanda irekodi sauti usiku mzima, asubuhi sikiliza. Kukoroma kwenyewe sicho unachotafuta, tafuta KIMYA. Unasikia ngrrr ngrrr ngrrr halafu kimya, hapo hesabu na saa, ikipita sekunde 10 halafu ikaja ile sauti ya kukwama na kushtuka, na inajirudia rudia, hiyo ni ishara mbaya. Nilisikiliza ya kwangu na mke wangu jikoni, tukafika sekunde 31, akaweka sufuria chini akasema kumbe hii ndo naisikia miaka yote nikidhani umeamka.

Halafu chukua ile tepu ya fundi cherehani upime shingo. Kuna maswali 8 madaktari wanatumia na unaweza kujiuliza mwenyewe: unakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia, unachoka na kusinzia mchana, kuna mtu amekuona pumzi inakata, una presha, BMI yako (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu) imepita 35, umri umepita 50, shingo imepita sentimita 40, na je, we ni mwanaume. Ukijibu ndio mara 3 au 4 hatari ni ya kati, kuanzia 5 hatari ni kubwa. Mi nilipata 6, shingo sentimita 43. Lakini usidanganyike kwamba ni ya wanene peke yao, kuna watu wembamba wanayo kwa sababu ya taya dogo au matonsili makubwa, na wanawake pia wanayo hasa wakishaacha kuona siku zao, ila wao mara nyingi wanalalamika uchovu na kukosa usingizi kuliko kukoroma, ndo maana wanapewa tu vidonge vya kulala. Ishara zingine: kichwa kuuma asubuhi, mdomo kukauka, na kuamka kukojoa mara 3 mara 4. Hiyo ya mkojo wengi wanakimbilia kupima sukari na tezi, pima ndio, lakini ujue na hii ipo.

Ukifika kwa daktari usimwambie "nakoroma". Atakucheka akuandikie matone ya pua. Mwambie pumzi inakatika usiku, nasinzia nikiendesha, na rekodi hii hapa, sikiliza. Kituo cha kwanza nilichoenda walinipa dawa ya malaria bila hata kupima, sitaji jina. Omba rufaa kwa wataalamu wa pua na koo au wa mapafu, hospitali kubwa kama Mulago ya Kampala wana idara hizo. Kipimo chenyewe kuna cha kulala maabara na nyaya kichwani, na kuna kile cha kwenda nacho nyumbani, kamba kifuani, kamrija puani, kitu cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Majibu yanakuja kama namba moja, mara ngapi kwa saa pumzi inakata au inapungua. Chini ya 5 ni kawaida, 5 mpaka 15 ni nyepesi, 15 mpaka 30 ya kati, kuanzia 30 ni kali. Mi nilikuwa na 38. Piga mara masaa 7 uone, ni mara 266 usiku mmoja, na bado najiuliza mbona nasinzia.

Mashine inaitwa CPAP, tamka sipapu, aliitengeneza daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, mwaka 1980. Wengi wanadhani ni oksijeni, hapana, ni hewa hii hii ya chumbani inasukumwa kwa presha. Dreva wa lori ataelewa haraka: si unajua breki zetu, upepo ukiwepo zinaachia, upepo ukiisha zinashika gari haitoki? Koo langu ni hivo hivo. Upepo ukiwepo liko wazi, upepo ukiisha linashika.

Wiki ya kwanza ni mateso, sikufichi. Nilikuwa naivua saa nane usiku bila kujua naikuta chini ya kitanda. Kilichonisaidia ni kuivaa nikiwa macho, naangalia mpira kwa TV nusu saa maski iko usoni, ili mwili uzoee. Kuna mpangilio wa kuanza na presha ndogo ipande taratibu, uwashe. Maski ikivuja hewa ikakupiga machoni usikaze mikanda mpaka usoni pabaki alama, ilegeze uipange upya ukiwa umelala, na ndevu nazo zinavujisha. Mdomo ukikauka huenda unalala mdomo wazi, uliza maski ya kufunika pua na mdomo. Osha maski kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, anika kivulini, paipu mara moja kwa wiki. Kale kachujio ka hewa, kwa barabara zetu za vumbi la marram, kaangalie kila wiki maana yangu ilikuwa nyekundu kama matofali. Na tafadhali maji ya betri ya petroli stesheni USIWEKE kwenye kile kitanki cha maji cha mashine kinacholainisha hewa kwa unyevu, hata kama muuzaji anaapa ni masafi, hayakutengenezwa kuvutwa puani. Ukikosa maji yaliyokenekwa ya hospitali, bora ukizime hicho kitanki ulale bila unyevu.

Umeme ukikatika hutakufa ndani ya maski, zina matundu na vali za kuingiza hewa, utaamka tu na joto na hasira. Nyumbani nina betri ya sola. Kwa lori raha yetu ni kwamba betri zetu ni volti 24 na mashine nyingi zinakula volti 24, lakini nunua adapta iliyotengenezwa kwa mashine yako, usimpe fundi wa redio aunge nyaya. Zima kitanki na paipu ya moto maana ndo vinavyokula umeme, bila hivo yangu inatumia kama wati 30, masaa 8 ni ampea-saa 10 tu, asubuhi gari inawaka vizuri.

Sasa hofu. Najua mnachouliza usiku mkiwa peke yenu: nitakufa usingizini? Mi nilikaa mwezi naogopa kufumba macho. Ukweli ni kwamba kila pumzi ikikata mwili una alarm yake inakuamsha, na hizo alarm ndizo zinakuchosha. Madhara yanajijenga pole pole: presha isiyosikia dawa, moyo kwenda mrama, kiharusi, sukari. Si mzaha. Lakini pia mashine sio hirizi. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2016, wagonjwa 2,717 waliokuwa tayari na matatizo ya moyo au mishipa ya ubongo, CPAP haikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi kwao, ila iliwapunguzia kusinzia na huzuni, na wastani waliivaa masaa 3 na kitu tu kwa usiku. Mi nachukua hivi: naivaa usiku mzima NA nameza dawa za presha kila siku NA napima. Kinachoniogopesha zaidi ni sekunde 3 za kusinzia nikiwa na tani 28 nyuma yangu, hizo haziji baada ya miaka 10, zinakuja leo Mabira. Ukisinzia simama, lala dakika 20. Mairungi (miraa) haitibu, inakufungua macho huku inapandisha presha.

Vingine vifupi. Waragi, ile pombe kali, ya usiku inalegeza koo, iache kabisa au basi mapema sana. Kulala chali ni mbaya, mke wangu alishona mfuko mgongoni kwa tishati akaweka mpira wa watoto wa maganda ya migomba, nikigeuka unanichoma narudi ubavu. Uzito ukishuka asilimia 10, ile namba inashuka kama robo. Sindano za tirzepatide Marekani waliziruhusu kwa ugonjwa huu Desemba 2024 kwa wanene, ila za kununua kwa mtu wa WhatsApp achana nazo. Na ukienda kufanyiwa opresheni yoyote, hata ya ngiri, mwambie anayekupa dawa ya usingizi una slipu apnia na ubebe mashine.

Omba na barua ya daktari, ikae kabini pamoja na makaratasi ya gari. Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, askari aliitoa mashine yangu kwenye begi akaniuliza inapima dhahabu? Nikampa barua akasoma, akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ya chini, mzee, hiyo tepu ya shingo unayo hapo?