Namna ya Kupunguza Maji Yaliyozidi katika Kizimba Hai cha Kinyonga

Mfugaji wa kinyonga mjini Kigoma hukabiliwa na tatizo lake kubwa kati ya Novemba na Aprili, kwa sababu katika miezi hiyo hewa yenyewe imejaa unyevu, na maji anayonyunyizia asubuhi na jioni hayapati pa kwenda. Katika kizimba cha kawaida, kilichotandikwa magazeti, maji hayo hufutwa kwa kitambaa na kazi ikaisha. Katika kizimba hai, yaani kile chenye udongo, mimea na wadudu wadogo wanaokula kinyesi na majani yaliyooza, maji huzama kwenye udongo na kujikusanya katika tabaka la mawe lililo chini kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuyatoa bila kukibomoa kizimba, na yanamlenga mfugaji mwenye kibali, kwa kuwa kinyonga ni mnyamapori na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumwokota porini na kumweka nyumbani apendavyo.

Kwanza hakikisha kwamba maji yamezidi kweli. Kiasi kidogo cha maji chini ya mawe si kosa. Kazi ya tabaka hilo ni kuyapokea, na unyevu unaopanda polepole kutoka humo huisaidia mimea wakati wa kiangazi. Tatizo huanza maji yanapoukaribia wavu unaotenganisha mawe na udongo. Mawe makubwa yenye nafasi pana katikati yake hayapandishi maji, lakini udongo huyapandisha, hivyo mara tu maji yanapougusa udongo hunyonywa kuelekea juu na kujaza nafasi zote zilizokuwa na hewa. Mizizi hukosa pumzi na kuoza, bakteria wasiohitaji hewa hushika nafasi, na kizimba huanza kunuka yai viza. Isopodi, wale wadudu wa kijivu wanaojikunja duara ukiwagusa, hufa maji kama kiumbe yeyote wa nchi kavu, kwa hiyo ukiwaona wamepanda kwa wingi kwenye magome na kwenye kioo mchana kweupe, usingoje harufu. Kipimo kingine ni kuchukua udongo wa kina cha vidole viwili na kuubana kiganjani: ukitoa tone moja au mawili unatosha, ukichuruzika umezidi.

Kabla ya kuanza, kadiria kiasi cha maji unachotaka kutoa, maana hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kifaa. Chukua kizimba chenye sakafu ya sentimita 90 kwa 45, mawe ya kina cha sentimita 6, na maji yaliyofika sentimita 4. Ukitaka yashuke hadi sentimita 1, unatoa kina cha sentimita 3, ambacho kingekuwa lita 12 na ushei kama pasingekuwa na mawe. Kokoto huacha nafasi ya takribani asilimia 40, kwa hiyo maji halisi ni karibu lita 5, sawa na dumu dogo la mawese. Bomba la sindano la mililita 60, ambalo wafugaji wengi hulikimbilia, lingehitaji kuvutwa zaidi ya mara themanini. Linafaa kwa kizimba cha mtoto wa kinyonga, si kwa hiki.

Njia ninayoipendekeza ni mpira wa dripu, ule unaouzwa katika maduka ya dawa, ukiwa mpya na haujatumika hospitalini. Kata ncha yake ya kuchomea pamoja na kikombe chake cha matone, ubaki na mpira mtupu na kile kigurudumu cha kubana, ambacho kitakusaidia kupunguza mwendo au kusimamisha maji bila kuukurupusha mpira kutoka mahali pake. Ni mwembamba, kwa hiyo kazi huenda taratibu, na hiyo ndiyo faida yake: maji yanayovutwa kwa nguvu huja na tope na kuziba njia.

Mpira huo unahitaji mlango wa kufikia chini. Wakati wa kujenga kizimba kipya, simamisha kipande cha bomba la PVC la nusu inchi kwenye kona ya nyuma, likianzia sakafuni hadi juu ya udongo, ncha ya chini ikiwa imekatwa mshazari, imetobolewa matundu na kufungwa wavu wa mbu wa madirishani. Kama kizimba kimeshajengwa bila bomba, mtoe kinyonga na umweke kwenye tawi ndani ya ndoo kavu iliyofunikwa kwa wavu, kisha usogeze udongo wa kona moja hadi uone wavu wa kutenganisha. Ukate kwa alama ya msalaba, usiukate duara, ili pembe nne zinazobaki ziinuke na kulikumbatia bomba. Sukuma bomba katikati ya mawe kwa kulizungusha, funga pembe hizo kwa kamba ya plastiki, ndipo urudishe udongo. Ukiacha mwanya hapo, udongo utateremka kwenye mawe na kuyaharibia kazi.

Sasa jaza mpira maji safi kutoka ncha hadi ncha, ubane kigurudumu, ingiza ncha moja ndani ya bomba hadi iguse sakafu, na ushushe ncha ya pili kwenye dumu lililo chini ya meza. Fungua kigurudumu na maji yatajivuta yenyewe maadamu ncha ya nje iko chini kuliko maji ya ndani. Usiyavute kwa mdomo kama wanavyofanya vijana wa kutoa petroli kwenye tangi, kwa sababu reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela matumboni bila wao wenyewe kuugua, na maji haya yamepita kwenye kinyesi chao. Kwa sababu hiyohiyo yamwage chooni au kwenye maua, yasiende kwenye mchicha, na unawe mikono kwa sabuni.

Wapo wanaokiinua kizimba upande mmoja ili maji yakusanyike kwenye kona. Hilo linawezekana kwa kizimba cha mbao au plastiki. Kioo chenye mawe na udongo kina uzito mkubwa, na ukikiinua kwa kabari moja tu pembeni, kioo cha chini kinaweza kupasuka. Kama ni lazima, kiwe juu ya ubao mmoja mzima na uinuliwe huo ubao. Kutoboa kioo ili kuweka koki ni kazi ya kumwachia fundi vioo, naye aulizwe kwanza kama kioo hicho kimeimarishwa kwa moto (tempered), kwa maana kioo cha aina hiyo kikitobolewa husambaratika chote.

Maji ya chini yakishatoka, wengi hushangaa kuona udongo bado umelowa chepechepe. Udongo laini uliolala juu ya mawe makubwa hushikilia maji kwenye ukingo wake wa chini, na hayadondoki hata kama mawe yamekauka. Dawa yake ni utambi: chukua vipande viwili au vitatu vya kitambaa cha sintetiki kisichooza, vipitishe kwenye wavu, nusu ikae ndani ya udongo na nusu ining'inie hadi kwenye mawe. Vitayateremsha maji yaliyokwama. Kisha ondoa majani yaliyooza juu, utifue udongo kidogo kwa uma bila kuufikia wavu, na utandaze majani makavu ya mwembe. Ya mkaratusi yaache kwa sababu ya mafuta yake.

Yote hayo yatarudi upya wiki chache baadaye kama chanzo hakijaguswa. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, hunywa matone yaliyoko kwenye majani, na ndiyo maana mfugaji hunyunyizia kwa wingi akihofia atakaa na kiu. Badala ya kulowesha kizimba kizima, tundika chupa inayodondosha tone moja moja juu ya mmea mmoja, na uweke kikombe chini yake cha kupokea yanayobaki. Masika punguza kunyunyizia hadi kiasi cha kulowesha majani tu, na acha sehemu ya juu iwe ya wavu, si ya kioo, ili hewa ipite. Bandika utepe kwenye kioo, nusu ya kimo cha mawe, na kila maji yanapoufikia yatoe.

Harufu ya yai viza ikiendelea wiki nzima baada ya maji kutoka, udongo huo haufai tena. Kusanya isopodi walio hai kwa kuwawekea kipande cha tango usiku chini ya gome, uwaokote asubuhi, kisha mwaga udongo wote, uoshe mawe na uyaanike juani kabla ya kujenga upya.