Mbwa Anayerukia Mbwa Wenzake Njiani: Anza na Umbali

Mbwa wengi wa Moshi mjini hukulia bandani. Mchana wamefungiwa, usiku wanaachiwa walinde, na siku wakitolewa nje kwa kamba, kila mbwa wanayemwona ni mvamizi. Wengi wao si wababe, ni waoga. Kamba imewanyima njia ya kukimbia, kwa hiyo wanatanguliza kelele ili yule mwingine aondoke. Na kweli anaondoka, maana alikuwa anapita tu. Wako anarudi nyumbani akiamini kelele ndizo zilizomfukuza, kesho anaongeza.

Mwongozo huu ni wa mbwa wa aina hiyo. Kama ukali umeanza ghafla kwa mbwa aliyekuwa mpole, acha mafunzo, mwite daktari wa mifugo. Sikio au nyonga inayouma humfanya mbwa asitake kusogelewa, na tabia kubadilika ghafla ni mojawapo ya dalili za kichaa cha mbwa. Hata kwa mbwa mzima wa afya, asitoke getini kama chanjo ya kichaa imepitwa na wakati.

Vifaa

Kamba bapa ya mita 2. Mnyororo haufai: unakata kiganja, na mlio wake unamfanya mbwa akae macho.

Mkanda wa kifuani wenye pete mbele ya kifua. Akivuta, mkanda unamgeuza ubavu badala ya kumpa nguvu ya kukokota. Ukiukosa kwenye maduka ya dawa za mifugo, fundi viatu anaweza kukushonea kwa utepe wa nailoni wa mabegi, upana wa sentimita 2.5. Mwambie kila kiungo akishone mraba wenye msalaba katikati. Mshono wa mstari mmoja hufumuka siku ileile unayouhitaji. Kisha unganisha pete ya kifuani na mkanda wa shingoni kwa kipande kifupi cha utepe, ili kimoja kikikatika kingine kishike.

Kikapu cha mdomo, yaani kizibo chenye matundu kinachomruhusu kuhema lakini si kuuma, kama amewahi kuuma. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo usitembee nacho: mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi, na jua la Januari likimkuta amefungwa mdomo, anaweza kuzimia kwa joto. Mzoeshe taratibu. Siku za mwanzo weka chakula ndani ya kikapu, aingize pua mwenyewe, atoe, usifunge. Baadaye funga sekunde 5, halafu 30, halafu dakika kadhaa. Chukua wiki moja hadi mbili.

Chakula cha zawadi: ini, firigisi au pupu ya buchani, vikichemshwa vikaiva (pupu bichi huleta minyoo), vikakatwa ukubwa wa punje ya harage. Matembezi ya dakika 20 yanakula vipande 80 hadi 100. Ukitoka na kumi utaishiwa kabla hujafika kona ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua mstari wake

Simama naye mahali mbwa wanapoonekana kwa mbali, kwa mfano pembeni ya uwanja wa mpira. Mtazame yeye, si wale mbwa. Kabla ya kubweka, mwili huzungumza: mdomo uliokuwa wazi unafungwa, masikio yanaelekea mbele, mkia unapanda na kukakamaa, uzito unahamia miguu ya mbele. Halafu anaganda. Ukiona mdomo umefungwa, umeshakaribia mno. Rudi nyuma mpaka aheme tena na aweze kula. Umbali huo uhesabu kwa hatua zako. Kuna wa hatua 15, kuna wa hatua 60.

Kipimo rahisi ni chakula. Akikataa ini analolipenda, amevuka mstari, na hapo hafundishiki. Kilichobaki ni kumwondoa.

Hatua ya 2: Mbwa kwanza, ini baadaye

Ukiwa kwenye umbali huo salama, subiri amwone mbwa. Akishamtupia jicho, sema neno moja fupi, "Safi", kisha mpe kipande. Endelea kumpa kimoja kimoja hadi mbwa yule apotee, halafu acha kabisa. Mpangilio huu ndio wengi hukosea. Ukitoa ini kwanza ndipo mbwa atokee, ini linageuka king'ora cha hatari, na baada ya siku chache ataanza kukagua barabara kila unapoingiza mkono mfukoni.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Akishinda siku tatu mfululizo akikugeukia mwenyewe baada ya neno lako, sogea hatua mbili au tatu. Si kumi.

Hatua ya 3: Geuka

Hii ni ya kumwondoa akivuka mstari. Ifundishe uani, pasipo mbwa wengine. Sema "Twende", geuka ulikotoka, mpe kipande akikufikia. Mara 20 kwa siku kwa wiki nzima, mpaka mwili wake ugeuke kabla hajafikiri. Njiani, kamba iwe na ulegevu kidogo. Ukiikaza umemwambia kwamba hata wewe umeogopa.

Hatua ya 4: Chagua njia na saa

Uchochoro wenye mageti ya "Mbwa Mkali" pande zote usiupite mwezi wa kwanza. Barabara pana kama za mtaa wa Shanty Town zina nafasi ya kuvuka, ila michongoma huficha mbwa hadi umfikie, kwa hiyo tembea katikati panapowezekana. Epuka alfajiri, walinzi wanaporudisha mbwa bandani. Ukimwona mtu na mbwa wake, piga kelele mapema: "Samahani kaka, mshike wako, wa kwangu mkorofi!" Hakuna aibu.

Mbwa koko akija, mweke wako nyuma yako, kisha iname kama unayeokota jiwe. Koko wengi wanaijua ishara hiyo na hukomea hapo. Jiwe lenyewe usirushe, utamwasha wako. Asipokoma, mrushie konzi ya ini usoni na uondoke anapookota.

Wakishikana

Usiingize mkono karibu na shingo. Maji ya ndoo, au kila mwenye mbwa amshike wake miguu ya nyuma juu ya magoti na kurudi kinyumenyume. Aliyeng'ang'ania kwa meno usimvute, nyama itachanika, subiri aachie. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo.

Kinachoharibu

Fimbo. Ukimchapa anapobweka, anajifunza kwamba mbwa akitokea, yeye huumia. Na aliyechapwa kwa kunguruma haachi ukali, anaacha kuonya, siku nyingine anauma kimyakimya.

Kingine ni haraka. Baada ya siku mbaya, mpumzishe siku mbili uani, mchezeshe, mfichie chakula kwenye majani akinuse. Ukimtoa kesho yake mwili bado una msisimko, atamrukia hata mbwa wa hatua 40 aliyekuwa amemzoea, nawe utarudi kuhesabu upya.