Jinsi ya kukusanya vitabu vya kale vya vita vya dini Ulaya bila kuuziwa kitabu pungufu

Nimetoka kumsaidia jamaa kukagua kitabu cha mnada wa mtandaoni, nikaona niandike hatua zote hapa maana maswali ni yale yale.

1. Chagua vita moja. Ufaransa wana ya 1562 hadi 1598, Wakatoliki na Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Mi nashauri ya Miaka Thelathini huko Ujerumani, 1618 hadi 1648, sababu vilichapwa vitu vingi mno na bado vinapatikana.

2. Anza na vijitabu. Theatrum Europaeum ya mchapaji Merian, mfululizo wa vitabu vya historia ya Ulaya ya wakati huo, ni nzuri sana ila ni majuzuu 21, achana nayo kwanza. Kijitabu cha kurasa nane kilichotoka 1631, mji wa Magdeburg huko Ujerumani ukiwa ndo umetoka kuchomwa vitani, kwangu kina uzito kuliko juzuu zima lililoandikwa baadaye kwa utulivu.

3. Hakiki kurasa, na hapa usiwe na haraka kabisa. Fungua VD17, ni katalogi ya bure ya vitabu vya Kijerumani vya karne ya 17, tafuta toleo lako lenyewe, sio linalofanana nalo, mwaka na mji wa uchapaji vilingane. Ukiona "[4] Bl., 236 S." maana yake karatasi 4 zisizo na namba halafu kurasa 236. Sasa usiamini namba za kurasa peke yake, wachapaji wa zamani walikuwa wanazikosea, unaweza kukuta 112 inafuatwa na 131 na hakuna kilichopotea. Angalia herufi zilizo chini ya ukurasa, A, A2, A3, au Aij, Aiij, halafu B, na kadhalika, kila herufi ni fungu moja la karatasi zilizokunjwa pamoja. Karatasi ya mwisho ya kila fungu mara nyingi haina alama, ni kawaida. Ukitoka I ukaingia K usishtuke, alfabeti yao ya uchapaji ilikuwa na herufi 23, J haipo, W haipo, na U na V zinahesabiwa moja. Kisha soma lile neno lililo peke yake chini kulia, linatakiwa liwe ndo neno la kwanza la ukurasa unaofuata, lisipolingana simama hapo hapo uchunguze. Michoro ihesabu kivyake, maana mikubwa ya kukunjwa, ya miji na mazingira ya vita, watu wanaichomoa na kuiuza kwenye fremu, na kinachonisikitisha ni kwamba kitabu kikishachanwa hivyo hakirudi tena. Muuzaji akikataa kutuma picha za chini ya kurasa, mwache.

4. Mulika karatasi kwa tochi kwa nyuma. Uone mistari iliyoachwa na ungo wa kutengenezea karatasi, na alama ya kiwanda cha karatasi. Karatasi moja ikiwa laini tupu katikati ya zenye mistari, hiyo imepachikwa.

5. Mikono misafi na mikavu inatosha, glovu za kitambaa zinachana kingo. Selotepu marufuku. Walioko Dar au Mombasa, unyevu ndo adui, usiegemeze kabati ukutani.

6. Kinachotoka Italia, kabla hujalipa muulize muuzaji habari ya kibali cha kukitoa nchini, na hizo karatasi azishughulikie yeye.